Soksi za Nyumba ya Ukungu

Nasikia mmepewa nyumba za bweni mzilee. Wengine wenu niliwafundisha, wengine nimewafahamu tu mkipitia hapa kwangu Majimbo, Embu, kunisalimu, na nyote mnauliza swali lilelile: Mwalimu Wanjira, nyumba huendeshwaje? Mnauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba nitafunga mlango kwanza ndipo niwape neno la siri. Sina neno la siri. Niliilea Nyumba ya Ukungu tangu nikiwa msichana ambaye wazazi walidhani ni mwanafunzi, hadi magoti yalipoanza kugombana na ngazi, na kitu cha kwanza kinachonijia nikiikumbuka kazi hiyo ni harufu ya soksi zisizokauka.

Nieleze kidogo, kwa sababu wapo kati yenu ambao hawakuifahamu ile shule. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, juu ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, pale mashamba ya chai yanapokoma na msitu wa mlima unapoanza. Watu wa chini waliiita Shule ya Juu, basi. Walijua tunachofundisha. Asubuhi hisabati, Kiswahili na sayansi kama kwingine. Alasiri, uganga. Naomba msiseme uchawi. Mchawi hujificha, na sisi tulikuwa na kengele, sare na mkutano wa wazazi.

Nyumba zilikuwa tatu. Wasichana wa Ukungu walijifunza kuita ukungu, umande na mvua ya rasharasha. Wa Makaa walijifunza moto, kuuwasha kiganjani bila kiberiti, kuubeba na kuuzima. Wa Nyuki walijifunza kusema na wadudu na ndege, ingawa kwa kweli muda mwingi walirina asali. Nyuki hawakuwahi kushinda kombe hata moja nilipokuwa pale, na ndio waliokuwa na afya kuliko wote.

Watu wa nje hupenda kudhani kulikuwa na maajabu fulani ya kuamua ni mtoto gani aende nyumba gani. Tulihesabu vitanda. Kitanda kikiwa wazi Makaa, mtoto ni wa Makaa. Mama yake akiwa alisoma Nyuki na akija na maneno mengi, tunampeleka Nyuki tupate amani. Mwalimu Igoki, aliyekuwa mlezi wa Ukungu kabla yangu na ndiye aliyenifunza kazi, alikuwa akisema mlaze mtoto penye unyevu miaka miwili na ukungu utamjia wenyewe. Tuliamini hivyo sote, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Mwanzoni mimi nilitaka kuua ushindani. Nilikuwa mpya, nimejaa maneno ya chuoni, na niliona haya jinsi wasichana wa nyumba moja walivyowaimbia wenzao matusi wakielekea bwaloni. Nikapiga marufuku nyimbo. Haikuchukua muda kabla sijagundua kwamba wanatukanana kwa tenzi za kanisani, wakibadili neno moja hapa na jingine pale, na mchungaji aliyetutembelea Jumapili akasifu jinsi wanavyoimba kwa moyo. Igoki alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaniambia jambo ambalo nawapa nyinyi bila malipo. Usimnyang'anye mtoto kitu cha kushindania. Mpe kitu cha kijinga. Akawaanzishia shindano la kupita uwanjani na karai la maji kichwani bila kumwaga tone, na kwa muhula mzima wasichana walichukiana kwa ajili ya maji, na hakuna aliyeumia.

Jingine alilonifunza ni kwamba zawadi isiwe chakula. Hilo tulilijua baada ya Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Njeru, kuahidi mbuzi kwa nyumba itakayoshinda usafi. Makaa walishinda. Siku ya kuchinja, ukungu uliingia jikoni ukalala juu ya kuni, na kuni hazikushika. Siku iliyofuata vilevile. Mbuzi aliendelea kula nyasi za uwanjani, akanenepa, akapewa jina, na mnyama akishapewa jina ni vigumu kumla. Nadhani alikufa kwa uzee.

Sasa niwaeleze habari ya Zuhura, kwa sababu yote niliyoyajua juu ya nyumba kabla yake ilibidi niyafikiri upya.

Zuhura alitoka Majengo, Meru mjini, binti wa Mzee Salim mwenye bucha karibu na msikiti. Alikuja na sanduku la bati la bluu na mkoba wa mahamri ambao ulikwisha kabla baba yake hajafika langoni akirudi. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa cha Ukungu, cha chini, kando ya dirisha linalovuja. Juu yake alilala Gatwiri, msichana mrefu wa mashamba ya kahawa upande wa Nkubu, mwenye kipaji cha ukungu kiasi kwamba akipiga mwayo kioo kinapata jasho.

Ilinichukua muda kuona. Kwanza ulikuwa uji. Asubuhi kule ni baridi ya kukata masikio, uji hupoa kabla hujaupuliza, lakini kikombe cha Zuhura kilitoa mvuke hadi mwisho. Kisha soksi. Ninyi hamjui bweni la watoto wanaojifunza kuita ukungu lilivyo mwezi wa Julai. Kila kitu kina maji. Mablanketi, vitabu, mkate. Nikaona kwamba jioni wasichana wanatandika soksi zao ukingoni mwa kitanda cha Zuhura, na asubuhi zimekauka kama zimeanikwa kwenye bati la moto. Nilipouliza, waliniambia pale dirishani kuna upepo mzuri. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia.

Walikuwa wanamficha. Katika majaribio ya alasiri, kila mmoja aliitwa mbele kufunika sahani kwa ukungu. Zuhura alikuwa akisimama, anainua mkono, na sahani inafunikwa vizuri kabisa, huku Gatwiri, aliyekaa nyuma, akitazama dari kama mtu anayesali. Wasichana wa Makaa walishuku. Walimpa jina la Moshi, yaani kitu kinachotoka motoni lakini moto haukitaki, na walimwita hivyo akipita bwaloni. Kwa Ukungu jina lile lilikuwa tusi la nyumba nzima. Wakazidi kumkumbatia.

Mlezi wa Makaa alikuwa Mwalimu Kanyua, mwanamke mwembamba wa Chuka, mkali, rafiki yangu ingawa nyumba zetu hazikukaa meza moja. Siku moja alikuja kwangu kunywa chai, na kikombe kilipokwisha akasema, "Wanjira, una kitu changu."

Nilijifanya sielewi. Akaniambia amemwona yule mtoto akipita kwenye nyasi peku asubuhi na umande ukigeuka mvuke nyuma yake. Akaongeza lililonikosesha raha: moto usiofundishwa kutoka hurudi ndani. Nikikataa kumtoa, nitamwuguza.

Alisema kweli. Zuhura alianza kupata homa ambayo dawa ya malaria haikuigusa. Matroni alimlaza, homa ikapanda, ikashuka, ikarudi. Nikamwita nikamweleza polepole kwamba anaweza kuhamia Makaa, kwamba si aibu, kwamba kuna mwalimu anayeweza kumsaidia. Katika shule ile hakuna aliyewahi kubadili nyumba. Tulikuwa na msemo kwamba nyumba ni kama ukoo, hujitoi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa adabu kama ni lazima aende akalale na watu waliompa jina la Moshi. Nilimwambia si lazima. Akasema basi atapona. Hakupona, lakini sikuwa na moyo wa kumbeba mtoto mgonjwa nikamlaze kwa watu wanaomcheka, na Kanyua naye, nilipomweleza hivyo, aliacha kumdai.

Ikafika Siku ya Nyumba ya mwaka wake wa tatu. Shindano kubwa la siku hiyo lilikuwa kati ya Ukungu na Makaa. Makaa walijipanga uwanjani, kila msichana na moto wake kiganjani. Ukungu walisimama upande wa juu na kushusha ukungu juu yao. Filimbi ikilia, ukungu unaachiliwa uende, na kama upo moto hata mmoja bado unawaka, Makaa wameshinda. Walikuwa wameshinda miaka mingi mfululizo, na walikuwa na wimbo juu ya jambo hilo.

Gatwiri alikuwa kiranja wa Ukungu mwaka ule. Alifanya jambo ambalo Igoki alikuwa amelikataza tangu zamani, na ambalo mimi nililikataza baada yake. Aliwashikisha wenzake mikono, wakaita ukungu wote kwa pamoja. Sababu ya kulikataza ni rahisi. Ukungu ulioitwa na mtu mmoja humtii mtu huyo. Ulioitwa na kundi haumtii mtu.

Ulishuka mlimani kama maziwa yanayochemka na kumwagika. Mioto ilizimika yote, ikalia tsss mmoja baada ya mwingine, na Ukungu wakashangilia kama watu waliotoka gerezani. Bwana Njeru akapiga filimbi. Gatwiri akainua mikono kuuachilia. Ukungu ukabaki. Akarudia. Ukabaki, na ukazidi kuwa mzito, ukapita uzio, ukateremka kuelekea barabarani. Kelele za ushindi zikapungua, kisha zikaisha. Ulikuwa mchana, lakini nilipounyoosha mkono wangu sikuviona vidole.

Wakati bado tunaitana majina kuhakikisha hakuna aliyepotea, alikuja Murithi, mlinzi wa lango, akipapasa uzio kwa mikono. Mkewe Kagendo, aliyekuwa akiishi naye kwenye kijumba cha langoni, ameshikwa na uchungu kabla ya wakati. Matroni akaenda kumtazama, akarudi akisema mtoto amelala vibaya tumboni, na kama Kagendo hafiki hospitali Meru kabla ya jioni hajui atasema nini.

Bwana Njeru akaiwasha pikapu ya shule. Taa za mbele ziligonga ule weupe zikarudi machoni mwake. Na barabara ile mnaijua, au wazazi wenu wanaijua: upande mmoja kilima, upande wa pili korongo, katikati udongo mwekundu unaoteleza.

Kanyua aliwakusanya wasichana wake wamulike njia. Walikuwa wamelowa hadi mifupani, midomo imekuwa ya kijivu. Walijaribu mmoja mmoja. Hakuna aliyepata hata cheche, kwa sababu moto uliozimwa kwa maji haurudi siku hiyohiyo. Mimi na Kanyua tukatazamana. Tulikuwa karibu kiasi cha kuonana. Alijua ninachofikiri, nami nilijua anachofikiri, na namshukuru hadi leo kwamba hakulitaja jina la mtoto wangu kwa sauti.

Nilikwenda mwenyewe hadi benchi la wagonjwa pembeni mwa uwanja, ambako Zuhura alikuwa amekaa na sweta lake la kijivu la Ukungu.

"Kagendo ana uchungu," nikamwambia, "na gari haliwezi kuona njia."

"Nimesikia. Nikiwasha, Mwalimu, sanduku langu litahamishwa."

"Sijui."

"Ungeniambia tu kwamba halitahamishwa."

"Ningekuwa nakudanganya. Sijui itakuwaje. Najua tu barabara ilivyo."

Ninyi mtakaokaa na watoto mtafika mahali kama pale, na mtatamani kuahidi. Msiahidi msichoweza kukilinda. Nilisimama pale nikiogopa, na sikuona aibu aone kwamba naogopa. Akaanza kuvua sweta. Gatwiri alikuwa ametufikia bila sisi kumsikia. Akanyoosha mkono.

"Lete," akasema. "Litaungua."

Nilitarajia kaa dogo, kama la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lakini ule ulikuwa moto wa miaka mitatu. Ulitoka viganjani, ukapanda hadi kwenye viwiko, ukapiga rangi ya machungwa kila kitu kilichotuzunguka, na ukungu ukarudi nyuma ukifoka. Nyumba yote ya Ukungu ilikuwa pale ikaona. Nyumba yote ya Makaa ikaona. Kanyua akatafuta fimbo, akasema yeye atatembea upande wa korongo akigonga ukingo ili dereva asikie ulipo.

Tukaondoka hivyo. Zuhura mbele, Gatwiri kando yake amekumbatia sweta, Kanyua na fimbo yake, na pikapu nyuma yao ikitambaa, Bwana Njeru amechomoa kichwa dirishani. Mimi, matroni na Murithi tulikuwa nyuma na Kagendo, tumemlaza juu ya magodoro. Nilimshika mkono, akanishika kwa nguvu iliyonifanya nimsahau kila mtu mwingine. Kila nilipoinua macho niliona ule mwanga mwekundu mbele, na kama haungekuwapo ningedhani dunia imefutwa.

Penye kona mbaya, moto ulianza kufifia. Zuhura alikuwa ametoka kitandani juzi. Niliusikia mwendo wa gari ukisita, na fimbo ya Kanyua ikigonga haraka haraka. Ndipo nikamsikia Gatwiri akimwuliza Zuhura, kwa sauti ya mtu aliyekaa jikoni, kule buchani kwao vichwa vya mbuzi hupelekwa wapi.

Zuhura akasema vinauzwa. Gatwiri akauliza anunuaye ni nani. Wenye hoteli, kwa supu. Na macho? Macho yanabaki palepale. Gatwiri akasema yeye hawezi kula kitu kinachomtazama. Zuhura akaanza kumweleza jinsi kichwa kinavyobabuliwa manyoya juu ya makaa, kinavyopasuliwa kwa shoka, kinavyochemshwa, na kwamba baba yake humtengea ulimi kwa kuwa yeye ndiye mtoto pekee asiyeudharau. Aliendelea kusema, na mwanga ukapanda tena. Baadaye Kanyua aliniambia hilo ni fundisho la Makaa la mwaka wa kwanza: anayeshika moto asiachwe kimya. Gatwiri hakuwa amefundishwa na mtu. Alikuwa amelala juu ya yule msichana miaka mitatu, akajua kinachompa joto.

Ukungu uliisha darajani, kwenye lami, ghafla kama pazia. Bwana Njeru hakusimama. Niliwaona wale watatu wakibaki kando ya barabara, Gatwiri akimvika mwenzake sweta, Kanyua amemshika bega. Kagendo alijifungua salama Meru jua likizama, msichana mdogo mwenye hasira. Nilirudi shuleni kesho yake. Ukungu ulikuwa umechoka ukaenda zake alfajiri.

Nilichokikuta katikati ya uwanja kilikuwa sanduku la bati la bluu. Nyumba ya Ukungu ilikuwa imekaa upande mmoja wa sanduku, Makaa upande mwingine, na Nyuki kwa mbali wakitazama na mkate mikononi.

Makaa walikuwa wamekuja asubuhi na mapema, kwa furaha kabisa, kumchukua mtu wao. Ukungu wakakataa. Sanduku likabebwa hadi Makaa, likarudishwa Ukungu, likapelekwa tena, hadi mpini ukakatika na wote wakakaa chini kwa uchovu. Mwenyewe alikuwa amelala chumba cha wagonjwa na hakujua. Kiranja wa Makaa alinijia analia, akasema walimwita Moshi kwa sababu hawakujua. Nilimwambia walijua, na ndiyo maana walimwita. Alikuwa mtoto mzuri, na nilimwona akilimeza neno hilo kama mtu anavyomeza kwinini.

Kumbukeni, hii ilikuwa mara ya kwanza nyumba mbili zinagombana kwa sababu zote zinamtaka mtu. Nilikuwa nimezoea ugomvi wa kumkataa. Nikawaambia waondoe sanduku uwanjani lisilowe.

Bwana Njeru alimwita Mzee Salim. Alifika na nyama ya walimu imefungwa kwa gazeti, akamsalimu kila mtu, akauliza kama binti yake anakula. Tukakaa ofisini, mimi na Kanyua, mzee, na Zuhura katikati, amekonda lakini macho yametulia, kwa kuwa tangu siku ile homa haikurudi. Bwana Njeru, aliyependa mambo yakae kwenye mistari, alieleza kwamba kanuni ni nyumba moja kwa kila mwanafunzi, na kwamba kwa jambo hili la pekee mwanafunzi atachagua. Mzee Salim alitazama nje dirishani, akasema yeye anaona mabweni yote yana mabati yaleyale, basi aulizwe mwenyewe.

Zuhura akauliza kama anaweza kuuliza. Nyumba ni mahali pa kulala au mahali pa kusomea?

Bwana Njeru akasema ni vyote viwili.

"Basi nitalala Ukungu," akasema, "na nitasoma Makaa. Na Siku ya Nyumba nitakaa na Nyuki, maana wana asali."

Baba yake akacheka peke yake, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka akaacha. Bwana Njeru alimgeukia Kanyua. Kanyua akasema anataka moto wa yule mtoto, hana haja na kitanda chake. Bwana Njeru akanigeukia mimi. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya desturi na ukoo na Mwalimu Igoki. Nikafikiria bweni lile mwezi wa Julai. Nikasema kwangu ni sawa.

Gatwiri alivuliwa ukiranja kwa kuwashikisha wenzake mikono, na ilinipasa mimi kumwambia. Alisema alijua tangu filimbi ilipolia. Akaniomba tu asihamishwe kitanda. Kagendo alimwita mtoto wake jina la mama mkwe, kama desturi inavyotaka, ingawa nyumba zote mbili zilikuwa zimeshaanza kumwita Zuhura mdogo na zilimnunia wiki nzima. Na shindano lile halijaamuliwa hadi leo. Ukungu husema walizima mioto yote. Makaa husema moto mmoja ulibaki ukiwaka hadi darajani, kwa hiyo wameshinda. Ukungu hujibu kwamba moto huo ulikuwa wa Ukungu. Nimewaona wanawake wazima, wenye watoto chuo kikuu, wakibishana juu ya hilo kwenye arusi hapa Embu hadi chakula kikapoa.

Baada ya Zuhura walikuja wengine. Mmoja wa Nyuki aliyeota ukungu, mmoja wa Makaa ambaye ndege walimfuata hadi chooni. Tukaacha kuhesabu vitanda pekee, tukaanza kuwatazama watoto. Sitawaficha kwamba kitu fulani kilipotea pia. Nyimbo zilipungua makali. Kombe likaanza kupata vumbi. Kuna jioni nilizokaa nikitamani kusikia tusi moja zuri likivuka uwanja. Mtoto anayetoka mbali anahitaji ukuta wa kuegemea, na ushindani ni ukuta wa haraka kujenga. Sijui kama tulifanya hesabu sawasawa. Nadhani nyinyi mtaifanya tena kwa namna yenu, na huenda mkaipata vizuri kuliko sisi.

Ninalojua ni jinsi Zuhura alivyoondoka. Shuleni kwetu msichana akimaliza, nyumba yake humsindikiza langoni ikimwimbia wimbo wa nyumba, mara moja, kisha lango linafungwa. Siku yake, Ukungu walijipanga upande wa kushoto. Makaa wakaja wakajipanga kulia. Nilimtazama Kanyua, naye akanitazama, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake atawazuia wasichana wake.

Walianza pamoja. Nyimbo mbili, sauti mbili tofauti kabisa, kila upande ukipaza kuufunika mwingine. Hakuna aliyekubali kumaliza kwanza, wakarudia beti, wakazirudia tena. Ilikuwa kelele mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia katika kazi ile, na Nyuki waliokuja kutazama walijiziba masikio. Mzee Salim alisimama nje na sanduku begani, akisubiri kwa subira ya mtu aliyezoea foleni.

Zuhura alikaa pale katikati ya lango, amefumba macho, hadi wa mwisho alipoishiwa na pumzi.

Kisha akawaambia waanze tena.